Sekunde 19 za Shosho

Stima ilipopotea, Shosho alikuwa ameinua mkono juu ya kichwa chake. Alikuwa anaonyesha kina cha mtaro. Nilikuwa nimemsimamisha hapo kwenye kioo cha kompyuta ili niandike maneno yake kwa Kiswahili chini ya picha, wajukuu wake wa Nairobi wasiojua Kiembu wala Kimwimbi wapate kumfuata. Nikabonyeza kuhifadhi. Kioo kikawa cheusi kabla sijainua kidole.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 10 Desemba 2023, usiku ambao karibu Kenya nzima ilikaa gizani. Mimi nilidhani ni chumba changu tu. Nilipotoka mlangoni nikaona mji wa Embu wote umezimika, taa za magari peke yake ndizo zinapita chini ya mijakaranda. Chini ya meza yangu kulikuwa na kisanduku cha UPS, cha kuiweka kompyuta hai stima ikikatika, ambacho betri yake ilikufa tangu Agosti. Pesa ya betri mpya niliilipa karo ya mtoto. Sijuti kuilipa, lakini nimeahidi kushuhudia kila kitu kama kilivyokuwa.

Kazi yenyewe ilikuja mwezi wa Oktoba. Mwalimu mmoja mstaafu, nyumbani kwake upande wa juu wa Chogoria karibu na msitu, alinipigia simu akasema mama yake amezeeka na anataka arekodiwe akiwa bado na kumbukumbu. Mama huyo, ndiye Shosho, alizaliwa upande wa Embu, sehemu za Irangi, akaolewa Mwimbi. Mwaka wake wa kuzaliwa hakuujua. Alijua kwamba hali ya hatari ilipotangazwa, ambayo ni Oktoba 1952, alikuwa msichana wa kubeba mtungi wa maji bila kusaidiwa, na kwamba walipopelekwa kuchimba mtaro alikuwa tayari anahesabiwa pamoja na wanawake.

Watu wengi wa rika langu hatukufundishwa habari za mtaro huo. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanakijiji kuuchimba kando ya msitu wa Mlima Kenya, ili wapiganaji walioko msituni wasifikiwe na chakula wala habari kutoka nyumbani. Ulikuwa mpana, na chini yake ilipigiliwa miti iliyochongwa ncha. Waliouchimba ndio hao hao mama na dada za watu waliokuwa ng'ambo ya pili. Jioni walirudishwa kwenye vijiji vilivyozungushiwa ua, lango likafungwa. Shosho aliyasimulia haya bila kupandisha sauti. Alipofika kwenye kina cha mtaro hakutaja futi wala mita. Aliinua tu mkono.

Tulirekodi siku nne mwezi wa Novemba. Siku ya tatu, jua linazama, kamera yangu ilikuwa imeishiwa betri zote mbili, naye akaanza kuimba wimbo ambao wanawake waliuimba wakipandisha udongo. Mjukuu wake mmoja, kijana wa miaka 20 hivi, akachomoa simu akarekodi. Dakika saba na sekunde kumi. Mwalimu, ambaye ni kifungua mimba wa Shosho, alisimama mlangoni akiwa ameshika kikombe cha chai ambacho hakukinywa. Aliniambia baadaye kwamba hakuwahi kuusikia wimbo ule maisha yake yote.

Kabla mwezi haujaisha Shosho alipata kiharusi. Alitoka hospitalini akiwa anatambua watu, anakula, anashika mkono wa mtu, lakini maneno yalikuwa yameondoka. Mwalimu alinipigia simu. “Binti yangu,” akaniambia, “ile kazi sasa si ya Krismasi tena. Unanielewa?” Nilimwelewa. Tulikuwa tumekubaliana niilete tarehe 26 Desemba, ukoo mzima ukiwa nyumbani.

Nieleze kidogo kilichoharibika, maana hata mimi nilikuwa sikijui vizuri mpaka kiliponiumiza. Unapohariri video, faili ya mradi haina picha hata moja ndani yake. Ni kama daftari la fundi nguo: limeandikwa vipimo, wapi pakatwe, wapi pashonwe, lakini kitambaa chenyewe kiko kabatini. Kitambaa changu kilikuwa klipu 214 kwenye diski ya nje. Daftari lilikuwa faili ya megabaiti tisa tu, na ndani yake kulikuwa na wiki tatu za usingizi wangu: kila mkato, kila mstari wa tafsiri ambao Mwalimu alikuwa amenisahihishia kwa simu usiku, neno kwa neno.

Jumatatu stima iliporudi nikaufungua mradi. Programu ikanijibu kwamba faili imeharibika, haiwezi kusomeka. Nikajaribu tena, na tena. Nadhani nilijaribu zaidi ya mara kumi, kama mtu anayezungusha ufunguo ule ule kwenye kufuli lile lile. Kisha nikakumbuka kwamba programu hujiwekea nakala zake za akiba kila baada ya dakika 15 kwenye folda ya pembeni. Nikafungua nakala ya mwisho. Ikaanza kupanda, ikafika mahali pa kutayarisha sauti, ikaganda. Nikafungua ya kabla yake. Ikaganda hapo hapo. Ya Jumamosi, ya Ijumaa, zote. Kila nilipojaribu, programu ilikuwa inaandika upya faili zake za muda za sauti kwenye diski ile ile yenye klipu, gigabaiti juu ya gigabaiti, nami sikujua hilo lina maana gani.

Saa kumi jioni Mwalimu akapiga simu.

“Binti yangu, habari ya kazi? Hilo giza la jana halikukusumbua?”

“Hapana, Mwalimu. Iko karibu kabisa.”

Nilisema hivyo bila kumeza mate. Nilikuwa nimeshakula malipo yake ya kwanza. Nilikuwa na aibu, na nilifikiri nikipata siku moja tu nitatengeneza na hakuna atakayejua. Nimeshasimama kanisani mara mbili nikashuhudia jinsi Mungu alivyonivusha katika jambo hili, na mara zote mbili sehemu hii niliiruka. Leo siiruki.

Jumanne ilikuwa sikukuu ya Jamhuri. Nilifunga diski kwenye sweta, nikapanda matatu ya Meru nikiwa nimeipakata. Redio ilikuwa inazungumzia miaka 60 ya uhuru kuanzia Runyenjes mpaka Nkubu. Tulipofika Thuci nilikuwa natokwa na machozi, mama aliyekaa karibu nami akanipa kitambaa bila kuniuliza kitu. Kwenye daraja la Nithi abiria walinyamaza wote, kama watu wanavyonyamaza mahali pale. Chogoria tulipita barabarani, na nikageuza uso upande wa pili nisiangalie barabara inayopanda kwa Mwalimu.

Huko Makutano, Meru, kuna kijana anayetengeneza kompyuta ambaye tulifahamiana kwenye harusi moja. Alifungua kibanda chake kwa ajili yangu ingawa ilikuwa sikukuu. Nilidhani ataichomeka diski na kuanza kazi. Badala yake akaniuliza, “Dada, kuna nakala ya hii diski?” Nikamwambia hakuna. “Basi leo hatutengenezi kitu. Kwanza tunakili.” Akaianzisha kompyuta kwa Linux iliyo kwenye flashi, akainakili diski yangu nzima, baiti kwa baiti, kwenye diski yake. Ilichukua saa tatu na zaidi. Tulikunywa chai na chapati, akaniacha nizungumze. Kwa kweli zile saa tatu ndizo zilizonirudishia akili. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumapili kwamba hakuna mtu aliyekuwa anagusa kazi ya Shosho.

Diski ilipomaliza kunakiliwa akaanza na daftari. Faili ya mradi, katika programu ninayotumia, ni maandishi ya XML yaliyobanwa. Ikiwa nzima unaweza kuifungua kwa programu ya kawaida ya kubanua faili na ukasoma ndani, ukaona majina ya klipu zako na hata maneno uliyoandika. Yangu ilikataa kubanuka. Akaifungua kwa programu inayoonyesha faili baiti moja moja, akanigeuzia kioo. Sifuri. Safu baada ya safu ya sifuri, kutoka mwanzo hadi mwisho, megabaiti tisa za sifuri. Akanieleza kwamba kompyuta ilikuwa imeshatenga nafasi ya faili na kuandika ukubwa wake, lakini yaliyomo yalikuwa bado kwenye kumbukumbu ya muda, hayajashuka kwenye diski, na stima ilipokatika yakafa nayo. “Hapa hakuna cha kutengeneza,” akasema. “Faili hii si mgonjwa. Ni kaburi tupu. Tuiache.”

Hapo nilidhani nimekwisha. Lakini yeye alikuwa ameona jambo ambalo mimi kwa hofu sikuliona: nakala za akiba zilikuwa hazisemi zimeharibika. Zilikuwa zinafunguka, kisha zinaganda, zote mahali pamoja. Kitu kinachozigandisha hakikuwa ndani yake.

Akafanya jambo dogo sana. Aliibadilisha jina folda ya klipu ili programu isiione. Kisha akafungua nakala ya mwisho, ya Jumapili jioni. Programu ikatafuta klipu, ikazikosa, ikafunguka. Kioo kikajaa wekundu wa kusema picha haipo, na chini ya wekundu ule, mstari kwa mstari, yakatokea maneno ya Shosho. Picha hakuna, sauti hakuna, lakini maneno yote yapo: *Tulichimba mpaka mtu aliyesimama ndani haonekani.* Niliweka paji la uso kwenye meza ya yule kijana nikalia mpaka akazima redio.

Kazi iliyobaki ilikuwa kumtafuta mwenye makosa kati ya klipu 214. Hakuna haja ya kuzijaribu moja moja. Unairudishia programu nusu ya klipu, 107. Ikiwa haijaganda, mbaya iko katika nusu ya pili. Unaigawa hiyo nayo mara mbili. Mara nane tu na unaye mkononi. Tulianza saa moja usiku. Kila duru nilikuwa naomba kimoyomoyo isiwe ile ninayoifikiria. Duru ya nane ilipokwisha tulibaki na klipu moja, na ilikuwa ndiyo hiyo. Wimbo.

Ikabidi nimweleze. Simu nyingi hurekodi kwa mwendo usio sawa: mara picha 30 kwa sekunde, mara pungufu, kulingana na mwanga. Ukiiweka klipu kama hiyo kwenye mradi mrefu, sauti huanza kuachana na mdomo. Jumapili jioni, nikiwa naandika tafsiri, nilikuwa nazibadilisha klipu tatu za simu ziwe za mwendo mmoja. Ya tatu, ya wimbo, ilipomaliza, niliiweka juu ya ile ya asili, jina lile lile, nikabonyeza ‘badilisha’, ili programu isihangaike kuitafuta. Dakika moja baadaye stima ikapotea. Flashi ambayo mjukuu aliniletea ilikuwa imeshajazwa video za mteja mwingine. Yaani nilichoma kitambaa cha pekee ili kuokoa nusu dakika.

Kijana hakunilaumu. Alisema tu, “Kompyuta ikisema imemaliza, mara nyingine bado inashusha mzigo.” Akatafuta kwenye nakala ya diski mabaki ya ile klipu ya asili kwa PhotoRec. Zikaibuka harusi nilizozifuta mwaka mzima, vipande vipande, bibi harusi wasio na vichwa. Wimbo haukuwemo. Zile faili za muda za sauti nilizoziandikisha Jumatatu kwa kujaribu na kujaribu zilikuwa zimelala juu yake.

Ikabaki ile klipu iliyovunjika yenyewe. Faili ya MP4 huwa na faharasa, na mara nyingi hukaa mwishoni kabisa. Ndiyo inayosema picha hii inaanzia hapa, sauti hii inaishia pale. Yangu ilikuwa na mwili mzima karibu wote, lakini mkia wake ulikuwa sifuri, na faharasa ilikuwa kwenye mkia. Kuna programu ya bure inaitwa untrunc iliyoandikwa kwa shida hii hii. Unaipa faili iliyovunjika pamoja na faili nzima iliyotoka kwenye chombo kile kile kwa mipangilio ile ile, inajifunza kwa ile nzima jinsi ya kumjengea mgonjwa faharasa mpya. Zile klipu mbili za kwanza nilizozibadilisha jioni ile zilikuwa nzima. Saa tano na nusu usiku, Makutano kumenyamaza, tukasikia sauti ya Shosho ikitoka kwenye spika za kibanda. Aliimba dakika sita na sekunde 51. Kisha akakatika katikati ya neno.

Sekunde 19 za mwisho hazikuwepo.

Nililala kwa shangazi yangu, na Jumatano asubuhi nikampigia Mwalimu. Safari hii sikutafuta maneno. Nikamwambia nilimdanganya Jumatatu, nikamwambia kilichotokea, kilichookolewa na kilichopotea. Alikaa kimya muda mrefu, nikasikia ng'ombe upande wake.

“Simu ya huyu kijana aliyerekodi wimbo,” akasema hatimaye. “Alisema alizifuta video. Lakini si zinakaa kwenye pipa la simu kwa siku kadhaa?”

Nikahisi damu imesimama. Zinakaa. Kwenye simu nyingi ni siku 30, na zilikuwa hazijafika 30. Sikuwa nimelifikiria hilo hata mara moja.

“Nimuite niongee naye,” nikasema.

“Simu hiyo aliibadilisha jana pale Chuka, akaongeza pesa akapewa nyingine,” Mwalimu akasema. “Jana mchana. Ungeniambia Jumatatu, binti yangu.”

Hakuongeza neno, wala hakukata simu. Yeye na yule mjukuu walishuka Chuka siku hiyo hiyo. Simu ilikuwa imeshafutwa yote na kuuzwa kwa mtu wa sokoni ambaye hakuna aliyemjua.

Nimeishi na sentensi ile. Giza la Jumapili lilinipata kama lilivyompata kila mtu, na makosa ya kuweka faili juu ya faili nimeshayaacha: sasa klipu ya asili haiguswi, na kazi ya mtu hukaa kwenye diski mbili, moja nyumbani kwangu, moja kwa dada yangu Manyatta. Betri ya UPS nilinunua Januari. Lakini zile sekunde hazikuchukuliwa na stima. Zilikuwepo Jumatatu saa kumi jioni, Mwalimu akiwa kwenye laini, zikiwa mfukoni mwa mjukuu aliyekaa pengine hatua kumi kutoka kwake. Nilikuwa na siku nzima ya kuzipata nami nikasema iko karibu kabisa.

Nilirudi Embu nikafanya kazi mpaka tarehe 24. Swali lililonitesa ni nini kiwekwe pale mwishoni. Ningeweza kuufifisha wimbo taratibu kabla ya kukatika, na hakuna mgeni angetambua. Ningeweza kuweka muziki. Nikampigia Mwalimu nikamuuliza, naye akasema pasiwekwe sauti yoyote. Kwa hiyo nilimwacha Shosho akatike anapokatika, kisha nikaweka picha niliyoipiga siku ya pili: ukingo wa msitu asubuhi, majani ya chai yanaishia pale miti inapoanza, ukungu unapita. Sekunde 19, kimya.

Tarehe 26 jioni walitundika shuka nyeupe kwenye ukuta wa nyumba ya Mwalimu, watoto wakakaa kwenye majani mbele, wazee kwenye viti. Baridi ilikuwa imeanza kushuka kutoka mlimani. Shosho aliwekwa katikati kwenye kiti cha plastiki, amefunikwa leso mbili, mkono wa kulia umelala mapajani, ule wa kushoto kwenye kiegemeo. Alipojiona ukutani hakushtuka. Alijitazama kama mtu anavyomtazama jirani anayesema kweli. Alipoinua mkono juu ya kichwa kule ukutani, watoto wawili wakasimama wakainua yao, wakipima.

Kisha wimbo ukaanza. Niliviona vidole vya mkono wake wa kushoto vikigonga kiegemeo, mara mbili haraka na mara moja kwa kukawia, sawasawa na mapigo. Aligonga dakika zote sita. Sauti ikakatika, ukungu ukatokea ukutani, uwanja ukawa kimya, na vidole havikusimama. Viliendelea, mbili haraka, moja kwa kukawia, kisha vikabadilika, vikawa tatu na tatu, vikaenda polepole zaidi, vikatua.

Mwalimu alikuwa amefumba macho. Mjukuu alikuwa amepiga magoti kando ya kiti na simu yake mpya mkononi, anarekodi vidole vile kwa karibu. Nilimsogelea nikamwambia asiifute, nikatoa kebo kwenye mkoba.